Mahamri Yasiyo na Bango

Jumatatu nilipanga foleni kwenye ofisi ya vibali, Ukunda, nyuma ya mama mmoja wa Mwabungo. Mkononi alikuwa na barua ya kumwamuru aondoe bango lake la biashara.

"Shikamoo, mama," karani alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mimi sina bango. Bango ni lile la barabarani, lenye nguzo za chuma. Mimi nimeandika ukutani kwangu, tena kwa mkaa: Mahamri na mbaazi, piga hodi mlango wa nyuma."

"Kisheria, mama, maandishi yoyote yanayonadi kitu ni bango."

Mama aliikunja barua polepole, mara nne. "Hayo ndiyo yanayoniletea wateja. Je, nikisimama mlangoni nikawaita wapitao, hilo nalo ni bango?"

Karani alifungua faili, akapekua kurasa, kisha akajikuna shingo. "Hilo halimo."

"Alhamdulillahi," mama akasema, akajitanda mtandio wake akaenda zake.

Jana asubuhi nilipita Mwabungo. Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa, na sauti ya mama ilinifikia kabla sijaiona nyumba. Nilisimamisha gari, nikala mahamri matatu. Mabango makubwa ya Ukunda nayapita kila siku, na hakuna hata moja lililowahi kunisimamisha.