Kifuniko cha Sufuria cha Kioko

Kama bado mnamheshimu binamu yetu Kioko, acheni kusoma hapa.

Tangu ndugu yangu Mutua apigwe risasi na wezi wa ng'ombe, akisikia kishindo analala chini. Kioko amefanya hiyo kichekesho. Kila tukikutana hapa Kyuso, lazima aangushe kifuniko cha sufuria nyuma ya Mutua. Watu wanacheka. Ati yeye ndiye alimuokoa siku hiyo, kwa hivyo ana ruhusa.

Kwa mshauri nasaha, kila Mutua akisimulia siku hiyo na kufika hapo kwa risasi, alikuwa anatetemeka, anashindwa kuendelea. Basi leo asubuhi daktari amemdunga sindano ya kutuliza neva shingoni, mwili utulie ndio aweze kuongea. Kisha akaingia kwa mshauri.

Amerudi jicho moja limelegea. Tuliambiwa ni kawaida ya hiyo sindano, litarudi.

Kioko kuona hilo jicho tukiwa tunakula, alicheka mpaka akatoa machozi.

Halafu akaangusha kifuniko. PAAA!

Mutua akaendelea kutafuna muthokoi, mahindi yake ya kukobolewa na maharagwe.

"Leo nimemwambia mshauri yote," akasema polepole. "Nilikuwa chini, natoka damu. Nikakuita, Kioko. Ukaniangalia, ukawasha pikipiki, ukaenda."

Mama akaweka kijiko chini.

Mutua akaokota kile kifuniko, akakiangusha.

Aliyeruka ni Kioko. 😂

Sasa niambieni, hiyo sindano inafanya kazi ama haifanyi?

Kabla mjibu: naandika hii nikisikia pikipiki ya Kioko ikiwaka huko nje, na hakuna mtu amemfukuza.