Mjalidi na Mji wa Mtoni

Shangazi hakuacha kamwe kubinya migongo ya vitabu. Akiingia nyumba ya mtu, kabla hajaketi, atachukua kitabu chochote kilicho karibu, akibinye mgongo kwa dole gumba na kutoa hukumu. Siku ya mazishi ya mumewe alipewa kitabu cha sala, akakigeuza, akakibinya, kisha akamnong'oneza mpwa wake aliyeketi kando: "Gundi ya kubabaisha. Hiki hakimalizi maombolezo." Watu wa nyuma waliona mabega ya yule mpwa yakitikisika, wakamwonea huruma.

Shangazi alikuwa mjalidi katika kiwanda cha uchapaji. Karatasi zilitoka mashineni zikakunjwa mafungu mafungu, naye akayashona kuwa kitabu juu ya meza ndefu, karibu na dirisha lisilofunguka. Kusoma alisomea hapo hapo, fungu lolote lililofika mkononi, huku akingoja gundi ikauke. Fungu la tano likitangulia, alianza na la tano. Mtu akifa kwanza na kuchumbia baadaye, shauri yake. Kitabu kikishapata jalada hakukifungua tena. Alisema hapo kimekuwa kama mtu aliyevaa suti, huwezi kumuuliza kitu.

Kwa namna hiyo aliupenda mji mmoja wa kale kando ya mto, walikowahi kuishi waandishi kadhaa. Hakuwahi kufika. Moyo ulipoanza kumsumbua na daktari akasema lazima apasuliwe, alimwita mpwa, mwalimu wa chuo asiye na mume wala haraka.

"Mwanangu, kabla hawajanifungua kama kopo, nipeleke nikaone lile daraja."

Wakapanga kwenda Jumamosi na kurudi Jumapili. Mpwa aliandaa matembezi ya nyumba za waandishi, pamoja na muda wa kukaa kimya ukingoni. Shangazi akauliza kama huko kukaa kimya hakuwezekani nyumbani. Mpwa alipopiga simu nyumba ya wageni, shangazi alimpokonya.

"Chumba chetu kinatazama daraja la mawe?"

"Mama, daraja letu ni la chuma," mwenye nyumba akajibu.

"La mawe mlilivunja lini?"

"Halijawahi kuwepo."

Shangazi akaifunika simu kwa kiganja. "Huyu si mwenyeji. Mji wenyewe haujui."

Mpwa akamuuliza ni nini kilitokea darajani. Shangazi akasimulia: mjane anatupa viatu vya marehemu mtoni kutoka juu ya daraja, na hata havijazama ameshaolewa na mvushaji wa mtumbwi. Hapo mpwa, ambaye alizisoma riwaya zile mwanzo hadi mwisho, akaelewa. Mjane na daraja lake walikuwa wa riwaya nyingine kabisa, ya mji wa milimani. Mvushaji ndiye wa mji huu. Vitabu viwili vilikutana mezani wiki moja. Kwa sindano shangazi aliyashona mafungu sawasawa. Kichwani aliyashona pamoja.

Akamweleza polepole, kama anayeleta habari ya msiba. Shangazi akafikiri.

"Ndiyo maana alipata mume upesi vile. Nimemdharau bure miaka yote."

"Pole, shangazi."

"Pole ya nini? Mji upo?"

"Upo."

"Na mto?"

"Upo."

"Basi mengine tutayajua huko huko."

Alhamisi hospitali ikapiga simu: nafasi ya upasuaji imepatikana, aje kesho. Shangazi alitaka wakatae, wasafiri kwanza.

"Moyo huu ulimvumilia marehemu, utashindwa na siku mbili?"

"Nafasi hizi hazipatikani ovyo, shangazi. Mji hauendi popote."

"Mimi nimesema mji ndio unaondoka?"

Walibishana hadi chai ikapoa. Mpwa alishinda, maana ndiye aliyekuwa na nguvu ya kupanda ngazi bila kupumzika katikati. Ushindi wenyewe haukuwa na ladha. Usiku alimsikia shangazi chumbani akitoa nguo begini, moja moja, akizirudisha kabatini.

Ijumaa, mlangoni mwa chumba cha upasuaji, mpwa alimshika mkono na kumwahidi kwamba angeisogeza tarehe ya chumba cha mtoni hadi mwezi ujao. Shangazi hakutoka mle akiwa hai, kwa hiyo alichojibu ndicho cha mwisho alichomwambia:

"Sogeza, lakini usifute. Nikikwama humu nenda wewe, ila usilie kando ya mto, watu watadhani umeachwa na mwanamume."