Nyuzi za Kambodia

Juzi, katika zahanati moja ya Hanang, vitanda vilijaa na wagonjwa wakatibiwa kwenye mabenchi. Jirani yangu kwenye benchi alikuwa mwanamume wa Dongobesh aliyerudi kutoka Kambodia, alikokuwa akitegua mabomu yaliyofukiwa mashambani. Tangu arudi hakuwa na nguvu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa nyuzi nyeupe za pamba. Nesi akaja na dripu na mkasi.

"Usikate, nesi. Siku ya kuniaga, Wakhmer, wenyeji wa kule, walinifunga nyuzi hizi mmoja mmoja, wakiita roho yangu itoke mashambani niondoke nayo. Walinilisha miaka yote ile, sikuwa na cha kuwapa. Niliwaahidi tu kwamba zitaanguka zenyewe."

"Roho inaitwa kama mbuzi, kaka?" nesi akauliza akicheka.

Bibi mmoja wa Kibarbaig, upande wa pili wa yule mwanamume, hakucheka. Alijivuta, akaacha nafasi kati yao.

"Shikamoo, bibi," nikasema. "Hapo anakaa nani?"

"Marahaba. Huyu aliyeingia sasa hivi. Amechoka, ametoka mbali."

Mlango ulikuwa umefungwa. Uzi mmoja ukadondoka wenyewe kutoka mkononi mwa yule mwanamume hadi sakafuni. Mwanamume akaunganisha viganja kifuani, akainama kama walivyomfundisha kule, machozi yakimtoka.

Nesi alirudisha mkasi mfukoni, akaomba mkono wa kulia. Mambo ya roho nimeyasoma sana, na bado sina la kuamua. Ila nilimwona nesi akizunguka ile nafasi tupu polepole, kama anayeogopa kumkanyaga mtu miguu.