Arobaini na Mbili Kutoa Kumi na Saba

Mwanangu, kaa chini na usinikatize. Jumamosi nilikuwa sebuleni kwako Jamhuri nikikusikia ukimwita mjukuu wangu Wangari mjinga, eti mtoto wa jirani anaimba jedwali la kuzidisha, na yeye wa gredi ya pili bado anahesabu kwa vidole. Nilinyamaza kwa kuwa ni kwako. Leo uko kwangu Kabiria, na hasira sijaimeza.

Ipo siku moja ninayoikumbuka kwa aibu. Nilikuwa mwalimu mpya wa darasa la pili, nataka sifa. Vijiti vya kuhesabia nilivifungia kabatini, nikasema hivyo ni vya watoto wa nasari. Nikaandika ubaoni: arobaini na mbili kutoa kumi na saba. Mumbua, msichana mpole, akajibu thelathini na tano. Nikamchapa kiganjani. Nikamwambia arudie. Thelathini na tano. Nikamchapa tena, mbele ya wenzake. Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Lakini ule wangu uliacha masizi.

Mwalimu Mutua, mzee wa darasa la kwanza, alisikia kilio, akaingia bila kubisha. Akafungua kabati, akafunga vijiti kumi kumi, mafungu manne, na viwili pembeni.

"Nipe kumi na saba, mama."

Mumbua akampa fungu moja. Akavitazama vile viwili. "Mwalimu, hivi havifiki saba. Naweza kufungua fungu?"

"Fungua."

Akalifungua, akatoa saba, akahesabu vilivyobaki huku ana kwikwi. Ishirini na tano.

Mutua akanigeukia. "Huyu hakukosa kichwa, alikosa mwalimu. Hizo fimbo zilikuwa zako."

Nilimwomba mtoto msamaha. Lakini mpaka mwaka ukaisha, kila nilipopita karibu naye alificha mkono chini ya dawati.

Sasa nisikilize. Hesabu ni ngazi, na hakuna aliyeanza kupanda kwa kidato cha juu. Kwanza mtoto ashike vitu avihesabu, ajue vitano ni vitano hata ukivitawanya. Kisha ajumlishe na kutoa namba ndogo, na vidole atumie, si vyake? Ndipo aelewe makumi na mamoja. Kuzidisha kutakuja akishazoea kujumlisha mafungu yaliyo sawa. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Ukimrukisha ataimba kama kasuku, halafu gredi ya nne umwite mvivu! Nani mvivu hapo, kama si wewe usiyeweza kukaa naye nusu saa na bakuli la maharagwe?

Ukifika nyumbani, kabla hujavua viatu, mwombe Wangari radhi. Usimtume mama yake.

Mungu akujalie subira niliyoikosa mimi. Akupe mtoto wa kukukimbilia na daftari lake, asiwe wa kukukimbia.