Aliyeandikwa Hana Dini

Sifa njema zote ni za Mola aliyetuumba bila kutuuliza, na ambaye siku moja atatuuliza bila kuhitaji karani. Namshukuru kwa umri alionipa, na kwa kuniachia akili ya kukumbuka hata yale ambayo ningependa kuyasahau. Nikisikia harufu ya miyaa, majani ya kusukia mikeka, inayochemshwa pamoja na rangi, hurudi Siyu, katika kisiwa cha Pate, nikiwa na umri wa miaka tisa hivi, nimeketi kwa Bi Tatu nikimchagulia miyaa myembamba. Bi Tatu alikuwa jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Aliwahi kuwa mtumwa wa nyumba ya bibi yangu, na serikali ilipotoa barua za uhuru alibaki pale pale, akisuka misala na mikeka ya msikiti. Mikono yake ilikuwa myekundu hadi kwenye viwiko. Baba yangu, fundi wa viatu, alimshonea makubadhi siku aliyopata barua yake, kwa kuwa watumwa hawakuruhusiwa kuvaa viatu. Bi Tatu aliyapokea kwa mikono miwili, akayatundika ukutani, akaendelea kwenda pekupeku. "Miguu yangu imezowea nti," alisema. "Haya nitayavaa siku nikiitwa na mkubwa."

Mwaka uliotangulia ndui ilipita mjini petu, ikamchukua mama na kaka yangu katika juma moja. Tangu hapo Bi Tatu ndiye aliyenilisha, akinisuka nywele na kunisimamia nisome. Alfajiri nilisikia takbira yake kupitia ukutani, na baada yake dua ndefu ambayo ndani yake jina langu lilitajwa. Nyundo ya Baba ilinyamaza kila adhana ilipolia, naye akaenda msikitini kama watu wote. Lakini Alasiri moja nilitumwa kumwita, nikamkuta nyuma ya birika la kutawadhia, miguu imelowa, ameketi tu, na ndani watu wanasali. "Nimeita sana yuu huko, mwanangu," alisema. "Hakuitika mtu. Usimwambie yeyote." Sikumwambia mtu. Siri hiyo niliweza kuitunza, na ndiyo maana sina udhuru kwa lile jingine.

Msimu huo akaja karani wa kuhesabu watu, kijana wa mbali, mpole, mwenye daftari kubwa lililopigwa mistari. Alikaa barazani kwetu, majirani wakapita mmoja mmoja: jina, kazi, kabila, dini. Baba alipofikiwa alijibu haraka, "Mwislamu, alhamdulillahi," na karani akaandika bila kuinua macho. Kisha Bi Tatu akaja, mtandio ameushika kwa meno, mikono yake myekundu ameificha.

"Dini?"

Bi Tatu akacheka kidogo. "Dini, bwana? Dini wanayo wenyewe wenye dini. Mimi sina."

"Huna?"

"Ningeitoa wapi, bwana wangu? Sina."

Kwetu mgeni huandaliwa sinia lililojaa, kisha mwenye nyumba husema, "Karibu, hakuna kitu." Aliyezaliwa pale hunawa mikono na kula, hadhani kwamba kweli hakuna kitu. Bi Tatu alijibu hivyo hivyo, kwa adabu ya mtu asiyetaka kujisifu mbele ya Mola wake, na zaidi kwa adabu ya mtu aliyefundishwa maisha yake yote kwamba kila kizuri ni cha wenyewe. Karani alikuwa mgeni wa adabu hiyo. Akaandika. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, ambaye ndiye pia aliyesalisha msikitini, alikuwa amesimama nyuma yake, akachungulia, akasoma kwa sauti: "Hana dini." Watu wakacheka, na Bi Tatu mwenyewe akacheka. Mambo yangeishia hapo.

Kesho yake chuoni, nikitaka kuwafurahisha wenzangu, nilitunga maneno haya: "Bi Tatu, hana viatu, na dini, hanayo katu!" Yalikaa vizuri mdomoni. Kabla ya Adhuhuri watoto wote walikuwa wakiyaimba, na jioni yalikuwa yamefika kisimani. Nilijua kuwa viatu anavyo, nimeviona vikining'inia ukutani. Nilijua kuwa dini anayo, nimeisikia kila alfajiri. Wimbo ule ulikuwa uongo mara mbili, nami ndimi pekee mjini niliyekuwa na hakika ya yote mawili. Wahenga walisema ulimi huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mwingine. Katika muda wa wiki mbili kicheko kilikauka, likabaki neno lenyewe. Watu walianza kuuliza kama ni halali kusali juu ya mkeka wake. Mwalimu, ambaye hakuwa mtu mbaya ila aliogopa sana kukosea, alikuja mlangoni kwake na wazee wawili.

"Bi Tatu, toka utamke shahada mbele ya watu, yaishe."

"Nitamke mara ngapi, Mwalimu?"

"Mara moja tu. Umeandikwa huna dini."

"Aliyeandika ni nani? Mungu? Shahada yangu si nguo, iwe imechafuka niitoe nje kuifua. Bwana Mwalimu, nimesujudu juu ya mikeka hii kabla hujazaliwa. Nendani."

Maisha yake yote alikuwa amekubali kila alichoambiwa. Mara hiyo moja alikataa, na ilimgharimu kila kitu. Mikeka yake ikatolewa msikitini, ikarundikwa mlangoni kwake, ikanyeshewa na mvua. Aliacha kusuka. Mimi nilipitia njia nyingine nisimwone. Naye bado aliniletea uji, akauweka kizingitini bila kugonga. Takbira ya alfajiri iliendelea, ikipungua nguvu kila siku, mpaka asubuhi moja ukuta ukawa kimya.

Mzee mmoja aliyekuwa mtumwa kama yeye, Bi Zena, alimwosha peke yake. Wanaume walikusanyika barazani kwetu, na Mwalimu akauliza, "Amekufa hakurejea. Nani shahidi kwamba alikuwa akisali? Nani amemsikia?" Nilikuwa nyuma ya mlango, unene wa ubao mmoja kutoka kwao. Baba alisema, "Alikuwa Mwislamu." Mwalimu akamuuliza, "Umemsikia kwa masikio yako?" Chumba cha Baba kilikuwa upande wa pili, hakikupakana na ukuta ule, naye hakutaka kudanganya. Chumba kilichopakana kilikuwa changu. Nilifungua mdomo. Nilijua kwamba nikisema nimemsikia, nitaulizwa ni nani basi aliyetunga wimbo. Nikaufunga. Bi Tatu akazikwa nje ya makaburi, karibu na mikoko, bila sala.

Asubuhi ya pili nilimfuata Baba kwa mbali. Alibeba yale makubadhi ya ukutani. Aliyaweka upande wa miguu ya kaburi, akavua ya kwake, akasimama kuelekea kibla. Akapiga takbira mara nne, polepole, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mama alipofariki, akatoa salamu kulia na kushoto. Sijui siku ile alimwita nani, wala kama alitumaini kuitikiwa. Hatukuzungumza habari hiyo mpaka alipokufa. Najua tu kwamba katika mji mzima wa waumini, aliyemsalia ni yeye, naye katika daftari amehesabiwa pamoja na waliokataa kumsalia.

Leo mjukuu wangu anayesoma chuo kikuu hunisomea magazeti, kwa kuwa macho yangu yamechoka. Huniambia kwamba wataalamu wanahesabu duniani kote nani anamwamini Mungu na nani hamwamini, nchi kwa nchi, na kwamba wasioamini wanaongezeka. Pengine ni kweli. Simbishii, maana kazi ya kuhesabu si mbaya, na wao wana elimu kuliko karani wetu. Ila kila anaponitajia hesabu hizo, humuuliza, "Waliulizwaje? Mbele ya nani?" Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Nilikuwa na nyumba mbili zilizoshikana. Katika moja aliishi aliyesema hana dini naye alikuwa nayo, katika nyingine aliishi aliyesema anayo naye alikuwa akiitafuta gizani. Karani aliwaandika wote wawili kwa uaminifu, na wote wawili akawakosa. Mimi je, niliyejua na kunyamaza, angeniandika wapi? Miaka yote hii nimesali, nimefunga, nimefundisha watoto wa watu, na bado swali hilo sijalipatia mstari wake.

Ewe msomaji, Mungu akupe ulimi mzito kwa ubaya na mwepesi kwa ushahidi, na akuepushe na mlango kama ule niliosimama nyuma yake. Ukimaliza hapa, msomee Fatiha Bi Tatu wa Siyu. Alikuwa akisali. Nilimsikia kwa masikio yangu.