Moto wa Buluu kwa Bi Siti

Mikono ya Immakulata ilijua udongo kabla ya kujua kitu kingine chochote. Alizaliwa katika kijiji cha Titye, kwa wazazi waliovuka mpaka kutoka Burundi na jembe moja na mtoto mmoja mgongoni. Kwao usafi wa mwanamke ulionekana kwenye ukuta wa jiko lake. Ufa ukitokea asubuhi, jioni uwe umezibwa. Mama yake alichanganya udongo wa kichuguu na majivu, akakandika kwa kiganja, kisha akapitisha vidole juu yake vikaacha mawimbi. Aliyepita njiani alijua kwamba nyumba hii ina mwenyewe.

Alipoolewa na Felisiani, mchoma matofali wa bondeni nje ya mji wa Kasulu, mikono hiyo ilihamia kwenye matanuri. Felisiani alipanga matofali mabichi hadi yakawa mlima, na Immakulata akauvisha mlima huo udongo ili moto usitoroke. Miaka mingi walifanya hivyo. Watoto walizaliwa, wa kwanza Claude, na tangu hapo Immakulata akawa Mama Claude kwa watu wote. Masika moja mto ulipanda bondeni ukalamba tanuri zima. Ndipo Immakulata akapanda mjini kutafuta kazi, akaipata kwa Bi Siti: kuosha vyombo.

Bi Siti alikuwa mjane mwenye duka la vitenge karibu na soko na nyumba ya wageni nyuma yake. Mama yake alitoka Pangani, kule pwani, na ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kukaa huko hata mwezi, alipenda kutamka jina hilo taratibu, kama mtu anayeonja asali.

Mwaka 2012 kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipofungwa, baadhi ya watu wa mashirika walifunga virago, na vyombo vya nyumba zao vikauzwa. Bi Siti alirudi kutoka mnadani na oveni. Haikuwa ile ya kusimama yenyewe, bali ya kupachikwa, yenye mlango wa kioo na kitasa kirefu kama cha kabati la hospitali. Fundi mwashi aliijengea kizimba cha matofali na saruji humo jikoni, akaweka vigae juu yake, akapitisha mpira wa gesi ukutani hadi nje, ambako mtungi ulikaa kivulini chini ya kibanda cha bati. Chini ya oveni aliacha uwazi mwembamba, na nyuma, kwenye ukuta wa nje, akaacha mwingine. Hakuna aliyeuliza ni wa nini.

Miezi ya kwanza oveni ilikuwa kabati. Ilihifadhi sufuria, bakuli za plastiki, mara nyingine na mfuko wa unga. Hadi siku Zuhra, binti pekee wa Bi Siti, alipoiwasha apashe sambusa bila kuchungulia ndani. Bakuli ziliyeyuka zikamwagika kama uji, moshi mweusi ukajaa hadi vyumbani, na mgeni mmoja akatoka bafuni na povu kichwani akiuliza njia ya kutokea.

"Mama Claude," Bi Siti alisema akikohoa, "likipoa hilo dubwana, likwangue. Halafu sitaki kuliona likiwashwa tena."

Immakulata alikwangua. Alitumia mwiko wa mbao ili asikwaruze, akatumia maji ya uvuguvugu na sabuni, akachomoa vyuma vya ndani kimoja kimoja akavianika juani. Na katika kukwangua akaijua oveni kama mtu anavyomjua mgonjwa aliyemwogesha. Alijua matundu madogo ya moto yamejipanga wapi, na kona ipi hujificha mafuta. Kipriani, fundi wa gesi wa pale sokoni, alipokuja kubadilisha mpira ulioungua, alimkuta amepiga magoti mbele ya mlango ule.

"Unasali, Mama Claude?"

"Nauliza. Wewe nifundishe."

Kipriani akamfundisha, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwomba. Fungua mlango kwanza, hewa itoke. Njiti iwake kwanza, gesi baadaye. Anayefungulia gesi halafu akaanza kutafuta kiberiti anatafuta nyusi zake mwenyewe. Uso usiingize ndani. Mpira wa gesi upake povu la sabuni mara kwa mara, povu likivimba ujue panavuja. Kitambaa cha kushikia kiwe kikavu, maana kibichi huleta mvuke unaochoma kuliko chuma. Kioo kikiwa cha moto usikirushie maji. "Na moto uwe wa buluu," alimalizia. "Ukiona wa njano, kuna kitu kinaumwa. Zima."

Immakulata alianza na mkate mdogo, Bi Siti akiwa dukani. Harufu ndiyo iliyomsaliti. Bi Siti aliingia amejiandaa kugomba, akasimama, akakata kipande, akala amesimama. Kisha akakata kingine, akakaa. Tangu siku hiyo Immakulata hakuosha vyombo tena. Alioka mikate ya wageni, kuku, na migebuka, samaki wa Kigoma, iliyokatwa mistari, ikapakwa limau, pilipili na mawese kidogo. Madereva wa malori ya Kibondo walianza kupanga safari zao ili walale Kasulu.

Mwaka 2014 Zuhra akaposwa na kijana wa Ujiji. Bi Siti alitangaza kwa sauti ya kusikika hadi sokoni kwamba pilau watapika wanaume uani kwa kuni, lakini kuku, samaki na mikate ya kumimina vitatoka kwenye oveni yake, kwa mkono wa Mama Claude. Hakuna kitakachoagizwa Kigoma.

Immakulata alilibeba tangazo hilo kifuani kama mtoto mchanga. Akaamua jiko liwe safi kuliko lilivyowahi kuwa. Panya walikuwa wakipita kwenye ule uwazi wa chini ya oveni, na nyuma ukutani mjusi alifanya barabara. Wakwe wakija kuchungulia jiko, waone nyufa? Alichota udongo wa kichuguu, akauchanganya na majivu, akakandika chini, akazunguka nje akakandika na nyuma. Vidole vikapita, vikaacha mawimbi ya kwao Titye. Bi Siti aliyatazama akasema, "Mashallah, umelipamba kama bibi harusi." Immakulata alilala na furaha.

Wiki ya harusi, Faudhia akawasili kutoka Ujiji. Huyu alikuwa wifi yake Bi Siti, dada wa marehemu mumewe, mwanamke mkubwa mwenye bangili nyingi na maneno zaidi ya bangili.

"Ndiye huyu mpishi?" aliuliza mlangoni. "Wifi, unampa mtu wa migomba mkate wa kumimina? Si atauchemsha na maharage!"

"Karibu, shangazi," alijibu Immakulata. "Hata maharage yangu utayaomba."

Walicheka wote, lakini Faudhia alivuta kigoda akakaa kutazama. Ilikuwa siku ya kujaribu. Mvua ilikuwa inanyesha na madirisha yamefungwa. Immakulata aliwasha kama alivyofundishwa, akasubiri joto, akaingiza sinia, akafunga. Baada ya muda alichungulia kupitia kioo. Moto ulikuwa wa njano. Ulilegea, ukarefuka kama ulimi wa mbwa mwenye kiu, ukaacha masizi pembeni. Kabla hajanyoosha mkono, ukafa. Na papo hapo akaisikia harufu ya gesi.

Alifunga kitufe. Giza la mvua lilikuwa zito, na Zuhra, aliyekuwa mlangoni, akanyoosha mkono ukutani.

"Kuna nini? Ngoja niwashe taa muone."

"Usiguse swichi!" Hakuna aliyewahi kumsikia Immakulata akipaza sauti namna ile. "Zuhra, toka nje. Shangazi, toka, acha kanga, toka!" Alisukuma madirisha yote, akakimbia mvuani akafunga mtungi, akasimama pale chini ya bati, maji yakimtiririka usoni, mpaka upepo ulipolisafisha jiko.

Mkate ulitoka mbichi, mweusi juu. Faudhia aliubonyeza kwa kidole, kidole kikazama.

"Wifi," alisema, safari hii bila utani, "mimi nina mpishi Ujiji. Nimpigie simu aje na mikate yake. Na hii oveni ing'oeni kabla haijaua mtu."

Bi Siti alimgeukia Immakulata. "Mama Claude, kama kesho jioni haijawaka vizuri, namwambia wifi apige simu. Na baada ya harusi nitaiuza. Utarudi kwenye vyombo."

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililouma.

Asubuhi Kipriani alikuja, akafungua kila kitu. Matundu ya moto yalikuwa safi, mpira mzima, mtungi mzima. Wakawasha; moto ukawa wa njano, ukalegea. Kipriani alijikuna shingo. "Hii haiumwi popote ninapopajua. Niachie nikafikiri."

Immakulata alitembea hadi bondeni. Hakwenda kutafuta jibu, alikwenda kwa mumewe, kama mtu anavyokwenda kwao akiwa na msiba. Felisiani alikuwa anamalizia kukandika tanuri jipya pamoja na jirani yao Hatungimana, na alikuwa anamfokea.

"Wee, Hatungimana! Mdomo huo unauziba wa nini? Sasa moto utapumulia wapi? Unataka nichome matofali au nichome moshi?"

Hatungimana alichokora udongo kwa haraka, mdomo wa tanuri ukafunguka.

Immakulata alisimama palepale. Aliitazama mikono yake. "Mana yanje, Mungu wangu," alisema taratibu. Mikono ileile. Miaka yote ile ilikuwa ikikandika matanuri na kuruka midomo bila kuambiwa, na sasa imeziba pua za oveni kwa mapenzi, ikapitisha na mapambo juu yake.

"Vipi wewe?" Felisiani aliuliza. "Umekuja au unaondoka?"

"Naondoka!" Alikuwa ameshageuka, anakimbia na kuinua kitenge juu ya magoti.

Alimpitia Kipriani sokoni, wakaingia jikoni pamoja. Bi Siti na Faudhia walikuwa wanapanga vikombe.

"Bi Siti, mgonjwa ni mimi," alisema akihema. "Ule uwazi fundi aliuacha ili moto upumue. Mimi nimeukandika."

Alichukua tindo akaanza. Udongo wake ulikuwa mzuri, ulikataa kutoka. Mawimbi yalibomoka kipande kwa kipande. Kipriani alicheka mpaka akashika ukuta. "Mimi nilidhani ni urembo wa mwashi! Nimepiga goti juu yake asubuhi nzima!" Kisha akakata wavu wa waya, wakaufunga chini na nyuma, matundu madogo ambayo panya hapiti lakini upepo unapita.

Immakulata alifungua mlango. Akasubiri. Akawasha njiti, akaipeleka, ndipo akageuza kitufe. Moto ulikimbia mstari mzima kwa mlio mdogo, ukatulia. Wa buluu. Wa buluu kama ziwa lionekanavyo kutoka vilimani saa za asubuhi, bila hata kichembe cha njano.

Bi Siti alishusha pumzi. Faudhia aliangalia simu yake, kisha akairudisha kwenye pochi.

Siku ya harusi, nikaha ikiwa imefungwa na vigelegele vikipasua bati, jiko lilikuwa la mtu mmoja. Kuku walitoka wakilia mafuta. Migebuka ilitoka na ngozi iliyopasuka kwenye kila mstari. Sinia ya mwisho ya mkate wa kumimina ilikuwa ndani, inaumuka, wakati Faudhia alipoingia na bangili zake na kushika kitasa.

"Nichungulie kidogo tu."

"Shangazi, ondoa mkono."

Faudhia aligeuka. Wanawake waliokuwa wanachambua saladi wakainua vichwa.

"Ukifungua sasa baridi itaingia, mkate utaanguka. Na hicho kitasa kina moto. Chungulia kwa kioo, uhuru wako."

Halafu Faudhia, mwanamke mkubwa, akapiga magoti na gauni lake la sherehe, akasogeza uso karibu na kioo. Alikaa hapo muda mrefu.

"Unapanda," alinong'ona. "Wallahi unapanda!"

Ulipotoka ulikuwa umejaa, rangi ya kahawia isiyokolea, umetoboka vizuri juu kama sega la nyuki. Wakwe wa Ujiji waliula bila kuzungumza, na Immakulata alijua maana ya kimya cha watu wanaokula. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi aliuliza mpishi ametoka Pangani au Tanga.

"Ametoka Titye," alisema Bi Siti kwa sauti, na safari hii alilitamka jina hilo taratibu, kama mtu anayeonja asali.

Mwaka uliofuata, Warundi wapya walipomiminika kambini Nyarugusu na watu wa mashirika wakajaa tena mjini, nyumba ya Bi Siti haikuwa na kitanda kitupu. Immakulata alikuwa na wasichana wawili chini yake. Kila asubuhi aliwapanga mbele ya oveni kabla hawajagusa kitu, akawaonyesha mlango, njiti, kitufe. Kisha aliwainamisha waone wavu wa chini, na pembeni mwa wavu kipande kidogo cha udongo alichokataa kukibomoa, chenye alama za vidole vyake.

"Hapo je, mama?" waliuliza.

"Hapo ni mimi. Haya, simameni. Nani ana kiberiti?"

Simu ya Bi Siti ililia ndani. Alikuwa Faudhia, kutoka Ujiji, amenunua oveni, na sauti yake ilijaa jiko zima: "Wifi, hebu nipe Mama Claude. Moto wangu wa njano!"