Jina la Nyanya na Vidole Vyake

Kabla dada yangu hajaugua, mgao wa mapenzi nyumbani kwetu, katika vilima vya juu ya Tala, ulikuwa umekwisha kuamuliwa na desturi. Binti wa kwanza hupewa jina la mama mzazi wa baba. Wa pili, la upande wa mama. Yeye alikuwa wa kwanza. Kwa hiyo baba, mtu mzima mwenye ndevu, alimwita "mwaitu", yaani mama yangu, akamchagulia kipande cha nyama kabla ya kujichagulia mwenyewe. Mimi niliitwa kwa jina langu tu.

Nyanya huyo, mama yake baba, alikuwa amefariki akiwa na vidole vilivyopinda kama tangawizi. Katikati ya miaka ya tisini, vya dada vilipoanza kuvimba kila asubuhi, hakuna aliyeshangaa: jina lilikuwa limekuja na mzigo wake. Daktari mjini Machakos alieleza kwamba kinga ya mwili ilikuwa ikivishambulia viungo ilivyopaswa kuvilinda. Baba alimnunulia dada glavu za sufu sokoni, akamwondoa jikoni. Kuni, moshi na sufuria ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, vikawa vyangu. Yeye akaketi juani akichambua mbaazi taratibu, kama mgeni. Nilizitamani zile glavu kuliko nilivyotamani apone.

Miaka michache baadaye vidole vyangu vilikakamaa. Nilimwambia mama.

"Na wewe pia? Dada yako akipiga chafya, wewe unashika homa!"

"Mama, siwezi kukunja ngumi."

"Wewe uko na jina la mama yangu, na mama yangu alilima mpaka wiki ile alikufa. Ni wivu inakuuma, si vidole."

Wivu nilikuwa nao kweli, hivyo nikarudi jikoni. Misimu kadhaa ya mvua ilipita kabla sijaandamana na baba na dada kliniki, nikimbebea dada mkoba. Daktari aliutazama mkono ulioshika mkoba ule.

"Wewe, hii imeanza lini?"

Baba alimjibu kwa niaba yangu: "Huyu si wa jina hilo, daktari."

"Mzee, ugonjwa hauulizi jina. Hawa ni damu moja. Nani hupika kwenu?"

"Mimi," nikasema.

Alieleza bila haraka kwamba damu hurithisha uwezekano tu. Mambo mengine ndiyo huuamsha ugonjwa, na huenda moshi ni mojawapo, ingawa hakuna awezaye kuapa.

Nilianza dawa mwezi huo. Dada, aliyetibiwa mapema, hushona nguo mpaka leo. Vidole vyangu viwili havikunyooka tena.